Swali la Mara ya Tatu

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, mpaka viatu nilivyovaa, na viatu vyenyewe hata si vyangu. Vilikuwa vya dada yangu Mwanaisha, vikinibana vidole, nami natoka hapa Kibokoni kwa miguu hadi Ganjoni kwenda kuulizwa maswali ya kazi. Hebu kaa nami barazani kidogo. Goti langu leo halitaki ngazi, na wewe Jumatatu una safari kama ile ile. Jana nilikuuliza utawajibu nini wakitaka kujua kazi unayoitamani, ukaniambia, "Yoyote tu, nyanya, bora kazi." Neno hilo limenikaa kifuani tangu jana.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ofisi yenyewe ilikuwa ya mawakala wa meli, na barua yao ilisema wanataka makarani, basi, haikusema makarani wa nini. Lakini mimi nilijua ofisi kama ile ina meza ya shehena, ambapo karani hupokea orodha ya mizigo ya kila meli na kuilinganisha na kilichoshuka. Meza hiyo niliitaka mpaka nikiiota.

Marehemu baba yangu alikuwa karani bandarini. Macho yalipoanza kumtupa mkono, msomaji wake wa orodha za mizigo nikawa mimi, hapa hapa ulipokaa wewe, kila baada ya sala ya alasiri. Magunia ya mchele, mapipa ya mafuta, masanduku ya vyombo kutoka Karachi. Baba husikiliza huku amefumba macho, kisha aniambie, "Rudia hapo." Nikirudia, tunakuta pipa moja limeandikwa mara mbili. Baada ya mwaka nikawa nayaona makosa kabla hajaniambia nirudie, naye akicheka peke yake. Sijapata kufurahi na kazi ya mtu mwengine kama nilivyofurahi na ile.

Sasa sikiliza nilivyolelewa, maana wewe umekulia wakati mwengine. Sisi ukienda kwa watu ukaulizwa utakunywa nini, husemi. Mara ya kwanza unawaambia wasijisumbue. Mara ya pili unasema chochote kilichopo. Ya tatu ndiyo unataja chai, tena kwa sauti ya chini. Nilipokuwa mdogo tulikwenda kwa jirani, nikaulizwa, nikasema sharubati papo hapo, na mama akanifinya paja chini ya buibui lake mpaka pakawa pekundu. Sharubati nililetewa, lakini sikuweza kuinywa.

Basi nikaingia mbele ya Bwana Wekesa. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, ndiye mkubwa wa makarani. Akanipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani, akaagiza niletewe maji. Alinipokea kama mgeni, nami nikakaa kigeni. Akafungua faili langu, akaniambia, "Zuhura, ukipewa nafasi ya kuchagua, kazi unayoipenda hasa ni ipi?"

Nikainamisha macho. "Yoyote tu, bwana. Mtakayoona inanifaa."

Akaniuliza tena. "Hakuna hata moja unayoipenda kuliko nyengine?"

"Hapana, bwana. Popote mtakaponiweka nitakaa."

Jawabu lilikuwa ulimini, mwanangu. Baba, baraza, lile pipa lililoandikwa mara mbili, vyote nimevipanga nangoja aniulize mara ya tatu. Akafunga faili. Akanishukuru, akaniambia watanijulisha. Nilibaki pale kitini mpaka karani mwengine akaja kunifungulia mlango.

Kazi nilipata. Wakaniweka masjala, chumba cha mafaili, nyuma kabisa, dirisha lake linatazama ukuta. Meza ya shehena alipewa msichana wa Tononoka, Grace, tuliyekuwa tumekaa naye benchi moja tukingoja kuitwa. Yeye aliulizwa mara moja akasema mara moja. Sina neno naye, alikuwa mtu mwema, na alikuwa akinipa salamu kila asubuhi. Nyumbani mama alinipongeza kwa kujibu kwa adabu. Nikaenda kulia chooni ili asinisikie.

Miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Nimefunga mafaili kwa kamba, nimefuta vumbi, nimepanda ngazi na kushuka, na hili goti unaloliona ni la ngazi zile. Honi ya meli inayoingia nilikuwa naisikia, na baada ya siku chache karatasi zake naletewa mimi, zimekwisha kazi, nizifungie. Wakati mwengine nilizisoma. Mara moja moja nilikuta kosa, likiwa halina faida tena kwa mtu.

Utasema mbona sikuomba kuhamishwa. Meza ile ilipata nafasi mara mbili. Nikajiweka pale wanione, nikafanya kazi kwa bidii zaidi, nikangoja waniulize. Hakuna aliyeniuliza. Walijua Zuhura ni mtu wa popote atakapowekwa, na maneno hayo niliwapa mwenyewe.

Siku ninaagwa kazini, Bwana Wekesa alikuja. Alikuwa amestaafu zamani, anatembea kwa bakora. Tukakaa na chai zetu, akaniambia, "Zuhura, unajua siku ile uliyokuja meza ya shehena niliiweka kwa ajili yako? Barua yako iliandikwa vizuri kuliko zote, na nilimjua baba yako. Nilitaka tu uniambie unaipenda."

Nikamuuliza, "Mbona hukuniuliza mara ya tatu?"

Hakuelewa. Nikamweleza habari ya chai na sharubati, na mzee wa watu akaweka kikombe chini. "Sisi kwetu," akasema, "mtu akikujibu mara mbili neno lile lile, ukimuuliza tena umemwita mwongo. Nilikuwa nakuheshimu." Na mimi nilikuwa namheshimu yeye.

Simlaumu, wala mama simlaumu. Nimechoka tu, mwanangu, na sitaki uje uchoke uchovu kama huu. Adabu nenda nayo. Toa salamu vizuri, ngoja ukaribishwe kiti, usimkate mtu maneno. Lakini wakikuuliza kazi unayoitamani, pale si ugenini na ile si chai. Itaje kazi kwa jina lake. Waambie uliionja wapi na ilikufurahisha nini, kitu kilichokutokea wewe kweli, hata kikiwa kidogo kama pipa moja. Kisha uwaonyeshe inafaa nini mle mwao. Usijifanye unataka kiti cha mkubwa, wala usiseme unapenda usichokipenda, maana watakupa na utakaa nacho. Wakikwambia hiyo hawana, hapo ndipo useme uko tayari kuanza na nyengine. Hapo, si kabla. Na wakikuajiri, nafasi ikatokea, nenda ukaiombe kwa miguu yako.

Mungu akufungulie ulimi kabla hajakufungulia mlango, akupe kazi ambayo jioni utarudi nyumbani ukiwa na hamu ya kuisimulia, na mikono yako iishughulikie kwa afya mpaka uzeeni. Amin.

Sasa kiweke chini hicho kikombe chako. Usitazame chini. Nakuuliza mara moja tu, kama watakavyokuuliza wao: kazi gani unaitaka?

Haya, nijibu.