Mkono Unaofika Sikioni

Kwetu Butembo, mtoto akipelekwa kuandikishwa shuleni hupimwa kwa sikio. Anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la kushoto, basi amefikisha umri wa darasa la kwanza. Mimi nilipimwa hivyo, na mama yangu kabla yangu, wala sikuona ubaya wowote. Siku hizi nikimwona mwalimu anainua mkono wa mtoto namna ile, nageuza uso.

Binti yangu alianza kutembea akiwa na miaka mitatu. Alipofika sita alikuwa na maneno manne tu: mama, mayi akiona kiu, hapana, na sauti moja ya kumwita mbuzi. Kalamu aliitia mdomoni. Kazi aliyoiweza ni kuchambua maharagwe. Mimi nauza maharagwe ya Lubero sokoni, na yeye hukaa kando yangu akitoa vijiwe kimoja kimoja, taratibu, hadi beseni linakuwa safi kuliko nikichambua mwenyewe. Hilo hakuna shule iliyoliuliza. Waliangalia mikono yake, nayo ni mirefu kama ya baba yake, na ndiyo iliyotuponza.

Nilianza na shule ya maternelle, nikitaka akae na wadogo ajifunze polepole. Directrice, mkuu wa shule hiyo, ni mwanamke ninayesali naye, hukaa benchi la mbele yangu kila Jumapili. Hakumsalimu mtoto. Alimshika mkono kama anavyoinuliwa kuku bawa sokoni, akaupitisha juu ya kichwa.

"Inafika," akasema. "Mama, huyu ni wa primaire. Maternelle ni ya batoto badogo."

"Lakini haezi kusema, directrice."

"Najua. Mais mukono inafika."

Kisha akaenda kwenye ndoo ya mlangoni, akanawa. Sisi wa Butembo tumenawa sana miaka ya Ebola, tunajua mtu anavyonawa uchafu wa kazi na anavyonawa ugonjwa. Alinawa mpaka viwiko. Jumapili iliyofuata alinipa mkono wa amani, nami nikaupokea, na nilichukia jinsi ulivyokuwa laini.

Shule ya primaire, yaani ya msingi, mkurugenzi alitupokea akila beignet, andazi la mafuta. Akamvuta mtoto mkono, vidole vikagusa sikio, akaitikia kwa kichwa. Halafu akachukua chaki nyekundu, akamwuliza rangi yake. "C'est quelle couleur?" Nyumbani tunasema Kinande, sokoni Kiswahili, kwa Kifaransa binti yangu alikuwa hajawahi hata kutukanwa. Aliichukua chaki akaiuma.

"Mumurudishe ku maternelle," akasema mkurugenzi.

"Ku maternelle banasema mukono inafika."

"Mukono inafika, mama. Kichwa njo haifike." Akacheka maneno yake mwenyewe, na mafuta ya kidole gumba yakabaki kwenye karatasi aliyokuwa ameishika.

Shule ya tatu na ya nne sina hamu ya kuzisimulia. Ni mkono uleule na chaki ileile, rangi ya ukuta tu ndiyo iliyobadilika.

Mteja mmoja ndiye aliyeniambia kwamba Beni, mtaa wa Beu, kuna sista anayefundisha watoto waliochelewa. Nilimpigia simu palepale sokoni.

"Iko nafasi moja," akasema. "Nitakuchungia mpaka vendredi. Mais lete barua ya shule yenye kuonyesha mutoto alijaribu akashindwa. Inspection ya mashule njo inaiomba."

Nilikaa na simu mkononi. Yaani ili afundishwe ilibidi kwanza ashindwe, na ili ashindwe ilibidi apokelewe, na wa kumpokea hakuna. Mume wangu alikuwa Kasindi akingoja karatasi za malori kwenye forodha. Nilipomweleza, alisema tungoje arudi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi nafasi ingekuwa ya mtoto mwingine. Nilikata simu bila kumuaga.

Alhamisi nilirudi kwa yule wa beignet, na kibeseni cha maharagwe. Alikifunua kabla hajaniuliza shida yangu, akapitisha mkono ndani, akayaacha yateleze kati ya vidole.

"Eh, mama. Hii ni safi sana. Nani alichagula?"

"Ni ule mwenye kichwa haifike."

Alidhani namtania. Alicheka, akaingiza kibeseni chini ya meza, akasikiliza barua ninayoitaka, akaandika. Aliandika kwamba binti yangu alisoma kwake miezi mitatu, kwamba anauma wenzake, anajichafua, na hafundishiki. Wenzake gani? Hajawahi kukalia benchi la mtu yeyote. Alikuwa akiyabuni huku akitikisa kichwa kwa huruma, kama kweli aliyaona. Akabonyeza mhuri, na lile gumba likaacha alama yake pembeni.

Nami nikasema, "Merci, directeur." Nikaongeza na shukrani ya Kinande, wasingya, na nikainamisha kichwa. Nimeoga mara nyingi tangu siku hiyo, lakini lile merci halijatoka mdomoni mwangu. Yule mtu ananitia kinyaa. Mimi pia, siku ile, nilijitia kinyaa.

Ijumaa tulifika Beni mapema. Darasa la sista lilikuwa chumba kimoja chenye mkeka, na meza ndogo karibu na mlango. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma barua mara mbili, akaigeuza, akaitazama alama ya mafuta.

"Anauma batoto?" akauliza. "Na alisoma miezi tatu?"

Uongo nilikuwa nimeuandaa njia nzima. Nilifungua kinywa, lakini sista hakuwa ananitazama tena. Alikuwa akimtazama binti yangu.

Binti yangu alikuwa ameona meza, akaona karatasi, akaona mtu nyuma ya meza. Hakuna aliyemgusa wala kumwambia kitu. Aliinua mkono wake wa kulia mwenyewe, akaupitisha juu ya kichwa, akashika sikio la kushoto, akasimama wima hivyo, akingoja.

"Anafanya nini?" sista akauliza.

"Njo yote bamemufundisha," nikasema. "Mashule ine. Hiyo miezi tatu ni ya uongo, sista."

Sista aliiweka barua chini. Alizunguka meza, akapiga magoti kwa shida mbele ya mtoto, akamshika ule mkono.

"Inatosha, mama," akamwambia. "Shusha mukono."

Alishusha. Katika shule zote zile, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia ashushe.