Tisa Iliyorukwa

Nikifungua mkebe wa mafuta ya kupikia, ile harufu hunirudisha kwenye chumba chetu cha Kawangware. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mama mkono wa kushoto, na nesi akamwambia ainue kitu kizito kiasi mara kumi kila asubuhi. Tulijaza mchanga kwenye mkebe mtupu. Mama alisimama kati ya kitanda na pazia, mimi nikapanda kitandani kumhesabia.

Asubuhi moja mkono ulianza kutetemeka. Nikamhurumia, nikatoka nane nikaingia kumi.

"Na tisa mmepeleka wapi?" jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta wa mabati.

Mama aliinua tena, polepole, mpaka mkebe ukapita kichwa.

"Hii hapa," akamjibu, kisha akanigeukia. "Na wewe usinipunguzie."