Swali la Zuhura

Jumamosi ninayotaka kukusimulia naikumbuka mpaka shati nililovaa, jeupe la mikono mirefu, lililopigwa pasi mara mbili kwa sababu nilikuwa mtu wa kujisikia. Nalisema mwenyewe kabla watu wa Mandewa hawajakuambia. Mwanangu, nimesikia chuo kimekuita ukafundishe uchumi siku za Jumamosi huku ukiendelea na duka lako, nami nimefurahi kama nimeitwa mimi. Sasa kaa, kunywa chai yako taratibu, maana nina jambo la kukupa ambalo kwenye vitabu utakavyokabidhiwa halimo.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Shangazi yangu Salima, aliyenilea, alikuwa na mashine ya kukamua alizeti hapa Mandewa, na mimi ndiye niliyeiendesha. Jumatatu hadi Ijumaa nilinuka mafuta. Jumamosi nilijisugua kwa sabuni ya mche, nikavaa shati langu, nikaenda kufundisha mikakati ya biashara kwenye tawi la chuo kikuu mjini. Walinichukua kwa sababu nilikuwa na shahada na pia nilikuwa na vumbi la ghala. Basi nikafika pale nikawa nafundisha viwanda vya magari vya Ulaya. Wanafunzi wenyewe watoto wa wakulima wa Iramba na Mkalama, na watoto wa wenye maduka ya mjini, wanaandika tu, masikini. Gari lenyewe hatukuwa nalo, si mimi si wao.

Mwezi wa tano, alizeti zimeanza kukauka mashambani, akainuka msichana wa mstari wa mbele. Jina lake Zuhura, binti wa Mzee Shabani. Mzee Shabani naye alikuwa na mashine ya kukamua, ng'ambo ya barabara yetu, na darasa zima lilijua kwamba sisi ni washindani.

"Mwalimu," akasema, "naomba kuuliza la hapa nyumbani. Mashine ya baba inalala kuanzia mwezi wa tisa. Ya kwenu inakamua mpaka msimu mwingine unaingia. Mvua ni ile ile, wakulima ni wale wale. Ninyi mnafanyaje?"

Jibu nilikuwa nalo, tena jepesi. Wenye mashine wengi, wakati wa mavuno, walimkamulia mkulima siku hiyo hiyo na kumwambia aondoe mzigo wake. Sisi tulimwambia alete magunia yote ghalani, tukayaandika jina lake, tukamtunzia bure. Akitaka mafuta ya nyumbani, anakuja kukamua gunia moja. Bei ikipanda, anakamua mengi na kuuza. Kwa hiyo mwaka mzima palikuwa na mtu mlangoni. Kwa upande wetu ilitugharimu nafasi tu, na paka wawili wa kufukuza panya. Siri yote ndiyo hiyo, ningeimaliza kwa dakika tano.

Nikamtazama binti wa mshindani wangu, nikaweka chaki mezani, nikamjibu: "Siri ya mtungi aijuaye kata." Darasa likacheka. Zuhura akakaa, akafunga daftari lake.

Baada ya kipindi akanifuata mlangoni. Hakuwa na hasira. "Mwalimu, baba ameshapata mteja wa mashine kutoka Manyoni," akaniambia. "Anakuja kuichukua kesho. Ikiondoka, na chuo kwangu ndiyo basi. Nilidhani ungenisaidia." Nikampa pole, nikamwambia Mungu atafungua njia. Sasa nakwambia la aibu, mwanangu, na usilirudie kwa watu. Nilipokuwa narudi nyumbani moyo wangu ulikuwa mwepesi. Mashine ya Shabani ikienda Manyoni, Mandewa yote inabaki yetu. Nilipiga hata mluzi.

Nyumbani Shangazi alikuwa amepika kuku wa kienyeji na ugali wa mtama. Paja aliliweka kwenye sahani yangu, kama kila Jumamosi, maana kwake mwalimu wa chuo alikuwa mtu mkubwa. Nikamsimulia kwa mbwembwe, na lile jibu la mtungi nikalirudia mara mbili. Hakucheka. Alinyoosha mkono, akalitoa paja kwenye sahani yangu, akalirudisha chunguni na kulifunika.

"Hiyo kata unayoringia ya kuchotea," akasema, "unajua ni nani aliyenichongea?"

Sikujua.

"Babu yake huyo mtoto. Mzee Jumanne."

Akanieleza. Alipofiwa na mume alibaki na kimashine cha kuzungusha kwa mkono, na hakuna mkulima aliyemjali. Mzee Jumanne ndiye aliyekuwa akikamua karanga na ufuta mjini siku hizo, kwa hiyo Shangazi alikuwa anaingia kumpunguzia wateja. Lakini mzee yule alimwita, akamwambia mkulima anaogopa panya na anaogopa mtu mwenye haraka. Mtunzie gunia lake, atarudi. Kisha akamwachia kona ya ghala lake msimu mzima, bure. Shabani hakuyaona hayo. Miaka ile alikuwa akifanya kazi ya reli Manyoni, na aliporudi kununua mashine yake baba yake alikuwa ameshazikwa.

"Mimi nilisomeshwa na mshindani wangu, tena bila ada," Shangazi akasema. "Wewe unalipwa kufundisha, na bado unamnyima mjukuu wake. Paja utakula siku utakayofundisha."

Nilikula ugali kwa mchuzi mtupu, na niliona aibu kweli kweli. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeficha hata kisicho changu.

Jumapili asubuhi nikavuka barabara. Nikakuta nati za mashine zimeshalegezwa, na Mzee Shabani ameketi juu ya dumu akimsubiri mteja wake. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Umekuja kunipa pole, au umekuja kuhakikisha kama inaondoka?"

"Nimekuja kukueleza tunavyofanya, mzee."

Nikamwambia yote: magunia, majina, hata paka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. "Na kwa nini uniambie leo?" akauliza.

"Shangazi ameninyang'anya paja la kuku."

Yule mzee alicheka, mwanangu, mpaka akashika mbavu, akamwita Zuhura aje asikie mwenyewe. Nilipomweleza kwamba maarifa yenyewe yalitoka kwa marehemu baba yake, akavua kofia na kujifuta macho. Hakuwahi kujua. Kisha akamwambia binti yake, "Lete spana." Tukazikaza zile nati sisi watatu, na shati langu la pasi likaharibika kabisa. Mteja wa Manyoni alipofika alikaribishwa chai, akaombwa radhi, akapewa jogoo wa kuondoka naye, akarudi na gari tupu. Jioni ile Shangazi alifunua chungu, nami nikapewa paja langu, la jana, limekauka kidogo. Sijala kuku mtamu kama yule.

Jumamosi iliyofuata nililipeleka darasa zima ghalani. Niliwaonyesha majina kwenye magunia, tukavuka barabara, tukampangia Mzee Shabani ghala lake. Kuanzia hapo kila mmoja akaanza kuja na la kwao. Kijana wa Mkalama alileta habari ya kuku wa mama yake, mwingine akaleta vitunguu vya baba yake vinavyooza kabla ya kupata soko. Mengi sikuyajua, nikajifunza kwao. Viwanda vya magari vikapata likizo.

Sitakudanganya kwamba sikupoteza kitu. Wakulima wa Mwankoko walinihama karibu wote, nami nikanuna msimu mzima kama mtoto aliyenyimwa andazi. Lakini mashudu yale yanayobaki baada ya kukamua, ambayo wafugaji wa Manyoni hulishia ng'ombe, yakapata soko jipya. Zamani walikataa kuleta lori kwa ajili ya mashine moja tu inayokamua mwaka mzima. Mashine zikawa mbili, lori likajaa, wakaja. Wema hauozi, mwanangu, ingawa siku zile nilikuwa siamini.

Zuhura alihitimu. Leo mashine ya baba yake ni yake, na Jumamosi anafundisha darasa lile lile, kwa kuwa mimi magoti yamegoma kupanda ngazi. Mwaka jana mwanafunzi wake mmoja alikuwa binti yangu mdogo, Rehema. Rehema akainuka mbele ya wenzake akauliza: mafuta yenu, Mwalimu, yanang'aa mpaka chini ya dumu, na ya kwetu yanaacha tope, mnafanyaje? Rehema anasema darasa zima liligeuka kumtazama, kila mtu anajua ni mtoto wa nani. Zuhura akafunga kitabu, akamweleza hatua kwa hatua, akamwambia aje kesho yake aone kwa macho. Binti yangu akarudi na daftari limejaa na ujumbe mmoja kwangu: "Mwalimu Zuhura anasema, paja lake liko wapi?"

Nililipeleka mwenyewe, kwa miguu, na magoti yangu haya.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukienda darasani Jumamosi, usiliache duka lako nje ya mlango; ingia nalo, na makosa yake pia. Lile linalokuuma kulitoa ndilo wanalolihitaji zaidi, litoe. Na kabla hujasema jambo fulani ni siri yako, kumbuka nani alikuambia, na yeye alikuambia kwa bei gani. Mwanafunzi akikuzidi, kaza kazi, usikaze midomo.

Mungu akupe wanafunzi wenye maswali magumu na ulimi mwepesi wa kuwajibu. Akupe washindani wema, na ghala lisilo na panya. Na kila Jumamosi urudi kwenu ukiwa umestahili paja lako.