Chupa Tupu ya Fonteni

Mama alinipa chupa tupu. Alikuwa kitandani wiki ya tatu, kifua kinakoroma.

"Wende Élisabethville, umwambie Kalaba akuje. Kama anakatala, ujaze hii chupa ku fonteni yabo. Na miye nikunywe, nimusahau."

Hapa Kilwa, kijiji chetu kando ya ziwa, tulijua sote: anayekunywa maji ya fonteni ile, maji yanayoruka kutoka kwenye mawe katikati ya mji, hakumbuki tena kwao. Baba alipofariki, mdogo wangu Kalaba, aliyekwenda kufanya kazi huko, alituma neno moja: "Nilikunywa." Hakuja kuzika.

Jumatatu nilipanda boti ya wanunuzi wa samaki hadi Kasenga. Jumatano nikawa juu ya lori, kati ya vikapu vya samaki wakavu. Kila lilipokwama matopeni, nilisikia kifua cha mama.

Alhamisi asubuhi nilisimama mbele ya fonteni. Nilikuwa na kiu ya safari, lakini sikuthubutu kunywa. Mwashi mmoja mzee, Ilunga, alikuwa akiziba nyufa. Akanicheka.

"Unaogopa mayi, baba? Ni siye tulichonga haya mawe. Hii mayi njo ile tunapikia bukari, ugali wetu wa kila siku!"

"Na kusahau?"

"Tulitunga siye. Kazi ilipoisha, benzetu bamoja baliona haya kurudia kwabo mikono mitupu. Tukatuma habari: balikunywa fonteni. Mama asiseme mutoto alimukatala."

Jioni, katika kambi ya wafanyakazi, niliweka chupa mezani na kumweleza Kalaba maneno ya mama. Aliigeuza chupa mikononi.

"Yaya, mukubwa wangu, sikukunywaka. Baba alipokufa, kapita, musimamizi wetu wa kazi, alininyima ruhusa. Kisha nikaogopa macho ya mama."

Ijumaa nilingoja nje ya lango la kazi hadi saa sita. Kalaba akatoka na karatasi ya ruhusa mkononi.

Jumatatu, boti ilipokaribia Kilwa, niliona wanawake watatu wamekaa chini mbele ya nyumba yetu, kama wanavyokaa kwenye msiba. Kisha mmoja akacheka: walikuwa wakichambua samaki.

Mama aliomba chupa kwanza. Akaipindua juu ya kiganja. Halikudondoka tone.

"Kalaba iko wapi?"

Alikuwa amepiga magoti mlangoni, anaogopa kuingia.

Tangu hapo, nikiambiwa fulani amekunywa fonteni, nauliza kwanza anamwogopa nani.