Insha za Darasa la Jirani

Miaka ya sabini nilifundisha uandishi wa insha katika chuo kimoja cha ualimu karibu na Kariobangi. Mwenzangu wa darasa la jirani alifundisha somo hilohilo kwa kutumia riwaya za mapenzi zilizouzwa kando ya barabara, na vicheko vya wanafunzi wake vilipenya ukutani hadi kwangu. Wivu ukanishika. Nikamshtaki kwa mkuu wa chuo kwamba anafundisha upuuzi.

Mkuu akanipa insha za darasa lile nizisahihishe. Mwanafunzi mmoja alieleza jinsi mama yake alivyobishana na mteja katika soko la Gikomba, hata nikasikia sauti zao.

“Makosa yapo, mwalimu?” mkuu akauliza.

“Machache,” nikajibu. “Lakini wangu hawawezi kuandika hivi.”

Nilitoka ofisini kwake na wivu mkubwa kuliko nilioingia nao.