Rangi ya Kucha Kwenye Kabureta

Nakumbuka asubuhi moja ya soko pale Kabati, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha juma lililotangulia, mama mmoja aliponiwekea mashine yake ya kukata nyasi mezani, akafungua mkoba na kutoa chupa ya rangi ya kucha. Nyekundu. Nilidhani anataka kujipaka kucha huku akingoja. Lakini vidole vyake vilikuwa vya mtu wa jembe, havijawahi kuonja rangi, na hapo hapo nikaanza kumshuku.

Kabla hatujaenda mbali, mwanangu, nikueleze kazi hii uliyokuja kujifunza kwangu ilivyo huku kwetu, maana sijui kama unaijua au unajifanya tu kuijua. Kitui nyasi hazioti mwaka mzima. Mvua ikikata, mtu anatundika mashine ukutani petroli ikiwa bado kwenye tangi, na huko ndani petroli inaharibika, inaganda kama utomvu kwenye vitundu vya kabureta. Mvua ikirudi, nyasi zinafika magotini, mtu anavuta kamba mpaka bega linamuuma na mashine haitoi hata mlio. Ndipo wote wanamjia fundi kwa wakati mmoja, kila mmoja na haraka zake. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ila hawakusema hizo baraka zilizopotea huenda kwa nani.

Fundi alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, najifunza kazi kwake. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, anayeomba kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Simcheki, aliomba kweli. Alinifundisha kuosha filta kwa sabuni, kuchanganya petroli na oili, kupaka grisi kwenye gia za chini karibu na kisu. Alinilisha na kunivisha. Ila alikuwa na tabia moja. Ikija mashine nzuri, ambayo kabureta yake haijawahi kuguswa na fundi mwingine, lazima angekumbuka kwamba hajanywa chai. "Kimbia pale hotelini, mwanangu, niletee ya maziwa." Nikirudi, mashine imeshafungwa. Dalili ya mvua ni mawingu, nami niliyaona mawingu nikajiambia ni vumbi.

Sasa yule mama. Watu walimwita Mwaitu Kaluki, na mwaitu kwetu ni mama. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe, akikata nyasi wakati wa mvua na kuzikausha ili mifugo ipate chakula wakati wa jua. Asubuhi hiyo mjomba alikuwa ameenda kwenye matanga, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Mama akapaka doa kubwa la rangi juu ya tangi. Kisha akaniambia nitoe kifuniko cha filta, akainama, akapaka doa dogo chini ya kabureta, mahali ambapo huwezi kuona bila kupinda shingo.

"Hiyo ni ya nini, mwaitu?"

"Ni ya kujua yangu."

"Kwani unafikiri sisi ni wezi?"

"Sijasema. Lakini mimi hata pasta simwachii kuku yangu."

"Hapa ni kwa mzee wa kanisa. Hayo ni matusi."

"Kama hakuna kitu utachukua," akasema huku akipuliza rangi ikauke, "hiyo rangi itakuuma wapi?"

Nilinuna. Kijana aliyenuna hujiona mkubwa, utajionea mwenyewe kama bado hujaonja. Mjomba aliporudi akaliona doa la tangi, nikamwambia mama yule hatuamini. Akacheka tu. "Wacha. Wazee wako na mambo." Lile doa la chini sikulitaja. Hata leo najiuliza kwa nini. Nikiulizwa husema niliona aibu kurudia matusi aliyotutukana, lakini mimi mwenyewe sijiamini kabisa katika hilo. Labda kuna upande wangu mmoja uliotaka kuona. Kwa vyovyote, muda mfupi baadaye mjomba alikumbuka kwamba hajanywa chai.

Mwaitu Kaluki aliichukua mashine yake jioni. Ilikuwa inawaka vizuri, akaondoka nayo. Siku ya soko iliyofuata akarudi nayo begani, uso umekunjamana.

"Inawaka, inakohoa. Ikiingia kwa nyasi nzito, inazima."

Mjomba alinyoosha mikono aipokee, mama akamnyima. Akaigeuza mwenyewe, akatoa kifuniko cha filta na kupinda shingo. Chuma kilikuwa kimeoshwa, kinang'aa, hakina wekundu wowote.

"Hii si yangu," akasema.

Watu wakaanza kusimama. Sokoni, mwanangu, hakuna kinachouzika haraka kama ugomvi. Na hapa ndipo nataka usikilize, kwa sababu jambo hili nimelichunguza maisha yangu yote. Mjomba hakuuliza swali lolote. Mtu aliyeshtuka huuliza kwanza: si yako kivipi, umeangalia vizuri? Yeye alijifuta mikono kwa kitambaa, akaniwekea mmoja begani, akasema kwa ile sauti yake ya kuombea wagonjwa:

"Mwanangu, mrudishie mama kitu yake. Usituaibishe. Ni shetani tu amekushinda, tutaomba."

Unajua kinachomfika mtu akiitwa mwizi sokoni. Nyuma huko mtu mmoja alikuwa ameshalitamka neno lenyewe, na mwingine akalipokea. Niliogopa, sitakuficha. Lakini kilichoniuma kuliko woga ni ule upole wake, namna maneno yalivyomtoka yakiwa yamenyooka kana kwamba aliyaandaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hizo alikuwa amenishonea yeye.

Mwaitu Kaluki alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha akatazama nyuma yangu, ukutani, ambapo ilitundikwa mashine ya mjomba mwenyewe, ile aliyokuwa akikatia nyasi za kiwanja cha kanisa.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ni yangu, mama. Ni ya kazi ya kanisa."

"Igeuze."

"Mama, hiyo haina maneno na hii yako."

"Hata ikuwe ya malaika, igeuze. Jumamosi nilipita huko kanisani nikasikia ikilia. Hiyo mashine yako imekohoa miaka yote. Sasa imepona, na ugonjwa yake imekuja kwa yangu?"

Mjomba hakusogea. Niliishusha mimi. Nikatoa kifuniko, nikapinda shingo. Doa lilikuwepo, chini ya oili na makapi ya nyasi, dogo kama punje ya mtama. Nilifuta oili kwa kidole, nikaigeuza mashine watu waone.

Mjomba alisema vitu vilichanganyika wakati wa kuoshwa kwenye beseni. Labda. Tangu siku hiyo nimewasikia mafundi wengi wakisema maneno hayo hayo, na bado sijaona beseni lililochanganya vitu likampa mteja kilicho kizuri zaidi.

Yule mama hakupiga kelele. Alimsimamia mjomba mpaka kabureta yake ikarudi mahali pake na mashine ikanguruma. Ndipo akanigeukia mimi.

"Wewe ulininunia juu ya rangi. Sasa niambie, hiyo rangi imelinda nani?"

Nililia, mwanangu, kijana mzima, mbele ya wauza nyanya.

Ungefikiri mambo yaliishia hapo, kijana akasafishika na watu wakampigia makofi. Usiamini hadithi za namna hiyo. Waliosikia nikiitwa mwizi walikuwa wengi, na watu wa soko wana shughuli zao. Wengi walishaondoka kabla mashine haijageuzwa. Walirudi kwao na nusu ya kwanza ya habari, wakaisimulia kwa majirani. Kwa miezi mingi nikipita, mkono wa mtu unashika mkoba. Mama mmoja niliyemtengenezea mashine mara kadhaa aliniomba nisimame nje ya ua. Na mjomba? Mjomba alibaki mzee wa kanisa ambaye vitu vilimchanganyikia kwenye beseni. Mimi ndiye niliyekuwa yule kijana wa kabureta. Nilihama Kitui nikaja huku Kikima, kwenye vilima vya Mbooni, ambapo hakuna aliyenijua, nikaanza upya na spana chache.

Mjomba bado yuko hai. Namtembelea, nakula kwake, tunaomba pamoja, na nampenda, kwa sababu ni kweli alinilea. Lakini sanduku langu la spana huingia nami chumbani mwake likiwa mkononi mwangu, na hutoka mkononi mwangu. Mama alinilaumu sana kwa hilo, akaniambia damu ni nzito kuliko maji. Nilimjibu kwamba hata oili ni nzito kuliko maji, na bado huwa naichunguza kabla ya kuimimina.

Sasa nasaha zenyewe ni hizi, na uzishike hata kama mimi mwenyewe hujanielewa vizuri. Ukimrudishia mtu mashine mvua zikikaribia kuisha, mwambie amwage petroli yote kabla ya kuitundika, aiwashe mpaka ijizime yenyewe. Gia zipate grisi, filta ioshwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hayo ni ya mashine, na mashine haina hila. Ya watu ni magumu zaidi. Kabla hujagusa skrubu, mwache mwenyewe aweke alama yake. Siku hizi mna simu, basi pigeni picha, yeye akiwa amesimama hapo. Akitaka kukaa juu ya kichwa chako mpaka umalize, mpe kiti. Usikasirike, kwa maana fundi anayekasirika kutazamwa ndiye wa kwanza ninayemshuku. Alama ikiwekwa kabla ya ugomvi ni ushahidi wako. Ukingoja ugomvi uanze ndipo uutafute ukweli, utaupata, lakini nusu ya soko watakuwa wameshaenda nyumbani.

Na ukitumwa chai wakati kitu cha mtu kinafunguliwa, sema hujasikia. Chai itapoa, jina halipashwi moto. Hata mimi ninayekuita mwanangu nichunguze, kwa sababu aliyenichafulia jina aliniita hivyo hivyo, na kwa sauti nzuri kuliko yangu.

Mungu akubariki, akupe afya ya mgongo na macho. Akupe wateja wagumu, wasiokuamini hata kidogo, na kila watakapoipindua mashine yao wakakagua chini, wakute kile walichokuachia.