Gari Langu la Mifupa ya Kambale

Ninyi mliokimbia peku mtaa wa Musonoi, Kolwezi, enzi za Zaïre mnajua: gari la kuchezea lilitengenezwa, halikununuliwa! Waya, koleo ya kuazima na kidole kimoja kinachotoka damu. Na gari zuri kuliko yote mtaani lilikuwa langu. Nasema bila aibu.

Siri ilikuwa magurudumu. Nkambo wangu, mama wa baba, alikuwa mvuvi, na juu ya jiko lake ilining'inia kamba ndefu ya pingili za uti wa mgongo wa kambale. Kila mwaka alitunga moja, ya samaki mkubwa kuliko wote aliowavua mtoni. Kamba aliirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, wanawake saba kurudi nyuma. Mimi nikaikata ncha zote mbili! Pingili mbili za kale kabisa nikazifunga nyuma, mbili za karibuni mbele.

Gari likainamisha pua. Wenzangu wakaanguka kwa kicheko: "Motokari yako inakunywa mayi ya mtoni!"

Nkambo akatoka na mwiko. Nikajua nimekwisha. Lakini alichuchumaa, akatazama magurudumu ya nyuma, mapana kama vifuniko vya chupa, kisha ya mbele, madogo kama vifungo vya shati.

"Ya mbele ni yangu," akasema. "Leta kamba yote, we mutoto."

Tukaitandaza mkekani. Kutoka mwanamke wa kwanza hadi yeye, pingili zilipungua kidogo kidogo. Hata mama yake, aliyesifiwa kwa uvuvi mpaka mtaa wa Dilala, alivua wadogo kuliko waliomtangulia.

"Maisha yote banasema mukono yangu ni mubaya kwa kuvua," Nkambo akapiga kelele. "Kumbe ni samaki! Si mukono yangu!" Akacheza na mwiko wake mpaka ugali ukaungua. Magurudumu yakarudi kambani.

Leo nimerudi Kolwezi na diploma ya elimu ya samaki, niliyojilipia mwenyewe. Maprofesa walinifundisha kwa miaka jambo ambalo gari langu lilisema asubuhi moja! Vijana hunionyesha kisamaki kwenye simu: "Tata, angalia, mukubwa hivi!" Nawacheka, lakini hawadanganyi. Hawajaona mwingine mkubwa zaidi.

Kamba sasa ni yangu. Mwaka huu kambale wangu mkubwa alienea kiganjani. Nilichomeka sindano kwenye pingili, ikapasuka. Nikajaribu ya pili, ikapasuka. Basi nikafunga fundo mahali pake, ili atakayeirithi ajue kwamba nilikwenda mtoni, na mkono wangu haukuwa mbaya.